Kanali George Taylor Denison wa Toronto: kamanda wa mgambo wa farasi aliyekuwa hakimu wa jiji kwa miaka 44

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Ninawaletea habari za mtu ambaye nadhani wengi hapa hawajawahi kumsikia, ingawa kwa miaka mingi jina lake halikukauka katika kurasa za magazeti ya Toronto, Kanada. Huyu ni George Taylor Denison wa tatu, aliyezaliwa mjini Toronto tarehe 31 Agosti 1839 na kufariki dunia mjini humohumo tarehe 6 Juni 1925. Alikuwa Luteni Kanali wa kikosi cha mgambo wa farasi, yaani raia wenye kazi zao na mashamba yao waliojitolea kufanya mazoezi ya kijeshi na kuitika mwito pale nchi inapotishiwa. Kuanzia mwaka 1877 hadi 1921 alikuwa pia hakimu wa mahakama ya polisi ya jiji hilo, ambayo ni mahakama ya chini kabisa, ile anayofikishwa asubuhi mtu aliyelala mahabusu.

Sababu ya kumleta kwenu ni kwamba tunapozungumzia haki tunapenda kuanzia juu, kwenye majaji wenye majoho na hukumu za kurasa mia, ilhali wananchi walio wengi hukutana na dola katika chumba cha hakimu wa chini, ambako shauri lao huisha kabla hawajapata hata nafasi ya kukohoa. Nimesoma maisha ya Denison kwa muda sasa, na nimefikia hitimisho kwamba alikalia kiti cha hakimu kwa namna ileile aliyokalia tandiko la farasi, akiamini kuwa kiongozi mwema huona upesi, huamua upesi na hageuzi kauli. Imani hiyo ilimfaa kambini. Mahakamani iliwaumiza watu, na nitajaribu kuonyesha ni akina nani.

Nianze na ukoo. Babu wa baba yake, John Denison, alitoka Yorkshire huko Uingereza na kufika mji wa York, ambao ndio uliokuja kuitwa Toronto, mwaka 1796. Familia ilipata ardhi nyingi upande wa magharibi wa mji, na ardhi hiyo ilipopanda thamani nao wakapanda hadhi. Babu yake, mwenye jina hilohilo la George Taylor, alipigana upande wa Waingereza katika vita vya mwaka 1812 dhidi ya Marekani, na mwaka 1822 akaanzisha kikosi cha wapanda farasi wa kujitolea. Kikosi hicho kikawa kama mali ya ukoo, kikitoka kwa babu kwenda kwa baba, na kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kijana wetu aliingia kikosini katikati ya miaka ya 1850, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa bado wanafunzi wa shule, na haukupita muda mrefu akawa ndiye anayekiongoza.

Alisoma Upper Canada College, kisha akachukua shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Toronto na kukubaliwa kuwa wakili mwaka 1861. Alifungua ofisi ya uwakili pamoja na mdogo wake, Frederick Charles, lakini kila dalili inaonyesha kwamba moyo wake haukuwa kwenye mafaili ya wateja. Mwaka huohuo wa 1861, Uingereza na Marekani zilipokaribia kupigana baada ya meli ya kivita ya Marekani kuisimamisha meli ya Kiingereza iitwayo Trent, yeye alikuwa akiandika vijitabu vya kuwauliza Wakanada kama wako tayari kwa vita. Alikuwa na miaka 22.

Nitaendelea.

#2 Mjumbe

Ahsante sana mkuu kwa mada nzito. Kabla hujaendelea naomba ufafanuzi. Unasema kikosi kilikuwa kama mali ya ukoo. Je, lilikuwa jeshi binafsi la tajiri, au lilikuwa chini ya serikali? Kwetu Tanzania tukisema mgambo tunaelewa watu wanaofunzwa na jeshi na kusimamiwa na serikali, hivyo napata taabu kuipata picha hii.

#3 Mleta uzi

Swali zuri, ndugu yangu. Kisheria kilikuwa chini ya serikali, maana maofisa walipewa vyeo kwa jina la Malkia na kikosi kilihesabiwa ndani ya mgambo wa koloni. Lakini kwa muda mrefu serikali haikutoa fedha za maana, na mpanda farasi alikuja na farasi wake mwenyewe, huku familia ya Denison ikibeba sehemu kubwa ya gharama zilizobaki. Anayetoa fedha ndiye mwenye sauti, na ndiyo maana watu wa mjini walikiita kikosi cha Denison. Mwaka 1866 kilipewa jina rasmi la walinzi wa Gavana Mkuu, na kamanda wake akawa Luteni Kanali.

Mwaka huo wa 1866 tunapaswa kuutazama kwa makini, kwa sababu ndio ulioonyesha mambo yote mawili, uaskari wake na hukumu yake.

Wafeniani walikuwa Waayalandi waliokimbilia Marekani, wengi wao wakiwa wamepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865. Mpango wao ulikuwa kuiteka Kanada ili waitumie kuishinikiza Uingereza iiachie Ayalandi. Tarehe 1 Juni 1866 mamia kadhaa ya hao, wakiongozwa na John O'Neill, walivuka mto Niagara na kuingia Fort Erie. Vikosi vya mgambo vikapelekwa haraka. Asubuhi ya tarehe 2 Juni, karibu na Ridgeway, kikosi cha Queen's Own Rifles cha Toronto na Kikosi cha 13 cha Hamilton vilikutana na adui vikiwa chini ya Luteni Kanali Alfred Booker, ambaye katika maisha yake ya kila siku alikuwa dalali wa mnada. Hakuwahi kuongoza mapigano hata siku moja.

Mwanzoni vijana walisonga mbele vizuri. Kisha zikasikika kelele kwamba wapanda farasi wa adui wanakuja, na amri ikatolewa askari wajipange kwa umbo la mraba, kama ilivyofundishwa katika vitabu vya mazoezi kwa ajili ya kuzuia farasi. Kikosi cha farasi hakikuwepo. Walichokifanya ni kujikusanya pamoja mbele ya watu wenye bunduki na uzoefu wa miaka minne ya vita, na walipojaribu kujipanga upya mambo yakavurugika wakarudi nyuma. Miongoni mwa waliouawa walikuwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto.

Denison na wapanda farasi wake hawakuwepo Ridgeway. Waliitwa baada ya askari wa miguu kuwa wamekwisha kuondoka, wakavuka Ziwa Ontario kwa meli, wakaungana na safu ya Kanali Peacocke, na walipofika Fort Erie tarehe 3 Juni Wafeniani walikuwa wamekwisha kuvuka mto kurudi, ambako walinaswa na meli ya kivita ya Marekani. Jambo hili lilimkera Denison mpaka uzeeni. Alishikilia kwamba kama wapanda farasi wangetangulia kupeleleza, Booker angejua kilicho mbele yake na vijana wale wasingejipanga mraba dhidi ya farasi wa kufikirika. Kwa maoni yangu, hapo alikuwa na haki kabisa.

Yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu zaidi. Magazeti yalimshambulia Booker kwa woga na kutokuwa na uwezo, naye akaomba achunguzwe rasmi. Likaundwa baraza la uchunguzi la maofisa watatu, na aliyeteuliwa kuwa mwenyekiti ni Denison, akiwa na miaka 26. Baraza likamwondolea Booker lawama. Liliundwa pia baraza la kumchunguza Luteni Kanali J. Stoughton Dennis, aliyewapeleka watu wachache Fort Erie na kuwaacha wakikabiliana na Wafeniani waliokuwa wakirudi. Denison akawa mwenyekiti tena, na safari hii wenzake walipomsafisha mtuhumiwa, yeye akaweka kwenye kumbukumbu kwamba hakubaliani nao katika baadhi ya tuhuma.

#4 Mjumbe

Mkuu, mimi ni mwanasheria na hapo umenigusa. Kama sijakosea, Denison alichapisha kitabu chake kuhusu uvamizi huo mwaka huohuo wa 1866. Mtu anaandika historia ya tukio akieleza nani alikosea wapi, na mtu huyohuyo anaketi kama mwenyekiti wa kuwachunguza wahusika. Katika taaluma yetu hilo lingetosha kumtaka ajiondoe. Je, hakuna aliyelipinga?

#5 Mleta uzi

Hujakosea, ndugu mwanasheria. Kitabu kilitoka mwaka huohuo. Ni kweli kwamba baraza la uchunguzi la kijeshi halikuwa mahakama kamili na sheria zake zilikuwa legevu, lakini hoja yako inasimama. Katika mgambo wa kujitolea watu wote wanajuana. Mwenyekiti, mashahidi na mtuhumiwa wanakutana kwenye karamu zilezile na wanagombea heshima ileile. Askari wa kawaida waliokuwa Ridgeway wengi hawakuridhika na namna jambo lilivyozimwa, na Booker aliishia kuondoka Hamilton.

Ninachokiona mimi ni kwamba Denison hakutambua kabisa kuwa kuna tatizo. Kwake yeye, mtu mwenye heshima na akili timamu anaweza kuwa mwandishi leo na mwamuzi kesho, kwa kuwa ukweli ni ukweli naye anauona. Ukishika hilo utaelewa miaka yake 44 mahakamani.

Sasa naomba niingie kwenye sehemu ambayo kwangu mimi kama Mwafrika ni ngumu kuandika, na sitaipamba.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Denison alikuwa upande wa majimbo ya Kusini, yale yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Mjomba wake, aliyekuwa amehamia Florida, alitumikia upande huo, na kupitia kwake nyumba ya Denison iitwayo Heydon Villa ikawa mahali pa kukaribishwa wajumbe wa siri wa Kusini waliokuwa Toronto, akiwemo Jacob Thompson. Hakuishia kuwapa chakula na malazi. Katika majira ya baridi ya 1864 kuingia 1865 aliruhusu jina lake litumike katika ununuzi wa meli iitwayo Georgian, ambayo Wamarekani waliamini kwamba imeandaliwa kushambulia meli zao katika Maziwa Makuu. Serikali ya Kanada iliikamata Aprili 1865, na Denison akahangaika mahakamani kuitetea bila mafanikio. Hata baada ya vita kwisha, Jefferson Davis, aliyekuwa rais wa Kusini, alipotembelea Toronto mwaka 1867, Denison alikuwa miongoni mwa waliompokea kwa heshima.

Wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba hakuupenda utumwa, bali aliiogopa Marekani yenye nguvu na kutamani igawanyike ili Kanada ibaki salama. Ni kweli kwamba hofu ya Marekani ndiyo iliyoendesha siasa zake zote. Lakini hakuwa mtoto. Toronto hiyohiyo ilikuwa makimbilio ya watu weusi waliotoroka utumwa. Thornton Blackburn, aliyetoroka kutoka Kentucky, alifika Toronto mwaka 1834 na kuanzisha huduma ya kwanza ya teksi za farasi katika mji huo, na aliishi hapo mpaka mwaka 1890. Denison alikulia katika mji ambao Blackburn alikuwa akipitisha gari lake barabarani. Alijua wakimbizi hao wametoroka nini.

Na ndiye aliyekuja kuwa hakimu wao. Katika kumbukumbu zake za mahakamani, alizochapisha mwaka 1920, anawasimulia watu weusi waliofikishwa mbele yake kama vichekesho, akiigiza matamshi yao. Waayalandi nao hawakusalimika. Ninaposoma kurasa zile najiuliza mama fulani aliyesimama kizimbani, akieleza kwa lugha yake ya nyumbani kwa nini amepigana na jirani, alikuwa na nafasi gani mbele ya mtu aliyekuwa tayari anakusanya kisa cha kuwasimulia wageni wake jioni.

#6 Mjumbe

Inauma kusoma. Lakini mkuu, naomba tusiwaache watu weusi wa Toronto wakiwa kizimbani tu. William Peyton Hubbard, ambaye wazazi wake walitoroka utumwa, alichaguliwa diwani wa jiji hilo mwaka 1894 na alishinda chaguzi nyingi baada ya hapo, na nyakati fulani alikaimu nafasi ya meya. Wakati Denison anatoa hukumu zake, Hubbard alikuwa anasimamia bajeti ya jiji.

#7 Mleta uzi

Nakushukuru kwa nyongeza hiyo, na nakubaliana nawe kabisa. Ni vema ikae humu.

Sitakaa sana kwenye siasa zake za miaka ya 1868 hadi 1874. Alikuwa mmoja wa vijana walioanzisha kundi la kizalendo la Canada First. Wafuasi wa Louis Riel, kiongozi wa Wametisi (watu wa magharibi mwa Kanada wenye asili mchanganyiko ya Wazungu na wenyeji), walipomuua Thomas Scott, mtu aliyetoka Ontario, huko Red River mwaka 1870, kundi hilo liliichochea Ontario, yaani mkoa wenye mji wa Toronto, mpaka ikawaka moto. Mwaka 1872 aligombea ubunge jimbo la Algoma akashindwa, kisha akapelekwa London kuwa wakala wa Ontario wa kutafuta wahamiaji.

Kilichompa jina duniani ni maandishi yake kuhusu vita vya farasi. Mwaka 1868 alichapisha kitabu akidai kwamba zama za kushambulia kwa panga zimepita, na kwamba mpanda farasi wa sasa anapaswa kuwa na bastola au bunduki, afike upesi, ashuke, apigane kwa miguu. Alijifunza hayo kutokana na vita vya Marekani, ambavyo maofisa wengi wa Ulaya walividharau kwa kuona ni vita vya raia wasio na mafunzo. Baadaye Urusi ilitangaza shindano la kuandika historia bora ya wapanda farasi wa kivita. Denison, afisa wa mgambo kutoka koloni la mbali, asiye na siku hata moja ya utumishi katika jeshi la kudumu, akafanya utafiti, akasafiri mpaka St. Petersburg, na mwaka 1877 akapewa zawadi ya kwanza na kufikishwa mbele ya Tsar Alexander II. Jambo hilo lilikuwa kubwa, na sina kinyongo kulisema.

Mwaka huohuo wa 1877 serikali ya Ontario chini ya Oliver Mowat ikamteua kuwa hakimu wa polisi wa Toronto. Alikuwa na miaka 37.

Sasa tuingie mahakamani. Asubuhi chumba kinajaa watu waliokamatwa usiku. Kuna walevi, wazururaji, wanawake waliokutwa barabarani saa ambazo polisi waliona hazifai, wezi wa makaa na wa kuku, wanandoa waliopigana, wavulana waliovunja dirisha. Waandishi wa magazeti wana meza yao na wanangoja vituko. Karani anasoma shitaka, mshtakiwa anaulizwa ni kweli au si kweli, askari anasema sentensi mbili tatu, hakimu anatazama, anatamka. Dola moja na gharama, au siku kadhaa katika gereza lililo kando ya mto Don. Mwingine aje. Mtu aliyeingia ndani akivua kofia aliweza kutoka amefungwa kabla hajamaliza kuikunja mkononi. Kanali alipenda kumaliza kazi kabla ya chakula cha mchana, na kwa kawaida alimaliza.

Wala hazikuwa kesi ndogo pekee. Sheria za Kanada zilimruhusu hakimu wa polisi wa mjini, mshtakiwa akiridhia, kusikiliza papo hapo makosa mengi ambayo vinginevyo yangekwenda mahakama ya juu mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Washtakiwa wengi waliridhia, kwa kuwa aliyekataa angeweza kukaa rumande majuma mengi akisubiri. Kwa njia hiyo sehemu kubwa sana ya kesi za jinai za Toronto ikaishia mikononi mwa mtu mmoja.

Na mtu huyo alijivunia kutofuata sheria za vitabuni. Haya si maneno ya wapinzani wake. Ameyaandika mwenyewe katika kumbukumbu zake, kwamba hakuruhusu mawakili wamchoshe kwa hoja za kisheria, kwamba hukumu zilizotangulia alizifuata pale tu zilipolingana na maoni yake, na kwamba alitegemea zaidi hisia yake ya ndani kuhusu kama mtu ana hatia kuliko kupima ushahidi wa upande huu na ule. Kumbukeni kwamba aliyeyaandika haya ni mwenye shahada ya sheria. Alizijua taratibu na akachagua kuziweka kando.

Hisia hiyo ya ndani ilikuwa na watu wake. Askari wa zamani wa Uingereza, hata akiwa amelewa mara ya kumi, alipata huruma ya kanali, hasa akisimama wima na kutaja kikosi alichotumikia. Ninaweza kuielewa huruma hiyo, maana alijua maisha ya kambini yanamfanyia mtu nini. Lakini huruma ileile haikumfikia mama Mwayalandi aliyelewa kwa sababu nyingine.

Jambo la mwisho katika sehemu hii, ambalo naona ni zito kuliko yote: kwa sheria ya Ontario, bodi iliyosimamia polisi wa jiji ilikuwa na watu watatu, meya, jaji wa kaunti na hakimu wa polisi. Hivyo Denison alikuwa mmoja wa wakuu wa polisi haohao waliosimama mbele yake kila asubuhi kutoa ushahidi.

#8 Mjumbe

Mkuu, hilo la mwisho limenikumbusha enzi za ukoloni hapa kwetu, ambapo bwana shauri alikusanya kodi, akaamuru polisi na akahukumu kesi, yote kwa kofia moja. Nadhani ni mti uleule wa Dola ya Kiingereza.

Hata hivyo, naomba niseme jambo ambalo huenda halitawafurahisha wengi. Mimi nimewahi kuwa na shauri dogo la madai katika mahakama moja ambayo sitaitaja, na liliahirishwa na kuahirishwa mpaka nauli ikazidi kile nilichokuwa nadai. Mtu wa namna hiyo akisikia habari za hakimu anayemaliza kesi kabla ya mchana, asiyehitaji wakili, anatamani. Je, hakuna uzuri wowote katika mahakama ya Denison?

#9 Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu, na hoja yako naiheshimu. Wapo watu wa Toronto waliompenda kanali kwa sababu hiyohiyo. Mke aliyetelekezwa aliweza kufika pale bila wakili na kupata amri ya matunzo. Mfanyakazi aliyenyimwa ujira alisikilizwa. Denison hakuwa mla rushwa, na matajiri wapya wa biashara hakuwaogopa wala hakuwasujudia, kwa kuwa ukoo wake uliwadharau. Hayo ni mema na ninayahesabu.

Ila tutenganishe uharaka wa kupangiwa kesi na uharaka wa kuisikiliza. Wewe uliumizwa na ahirisho, yaani kesi yako haikuanza. Watu wa Denison waliumizwa kwa sababu kesi zao zilikuwa zimekwisha kabla hawajasema. Dakika tano zaidi za kumsikiliza shahidi wa mshtakiwa zisingemchelewesha mtu yeyote ila hakimu mwenyewe. Rufaa ilikuwepo kwenye karatasi, lakini mtu aliyeshindwa kulipa dola moja na gharama angepata wapi fedha ya wakili wa kumpeleka mahakama ya juu? Angekuwa gerezani akihesabu siku, na siku zenyewe zingekwisha kabla ya rufaa kusomwa.

Kuhusu bwana shauri, ni kweli mamlaka zilichanganywa kote kuwili, lakini tofauti ipo. Wakazi wa Toronto walikuwa na kura, walikuwa na magazeti ndani ya chumba cha mahakama, na walikuwa na bunge ambalo lingeweza kubadili sheria. Walikuwa na njia za kumzuia, wakamwacha miaka 44. Lawama haiwezi kuwa ya mtu mmoja.

#10 Mjumbe

Umeahidi kwenye kichwa cha uzi habari za kamanda. Je, baada ya kuwa hakimu aliacha jeshi? Na nimewahi kusoma kwamba kuna Denison aliyefika Afrika, je, ni huyuhuyu?

#11 Mleta uzi

Aliyefika Afrika ni mdogo wake, Frederick Charles, yule waliyefungua naye ofisi ya uwakili. Mwaka 1884 Jenerali Wolseley, aliyetumwa kumwokoa Jenerali Gordon wa Uingereza aliyezingirwa Khartoum, Sudan, na majeshi ya Mahdi, Muhammad Ahmad, aliomba Wakanada waliozoea kuendesha mashua kwenye maporomoko ya mito. Wakapatikana karibu watu 400, wakiwemo Wahindi Wekundu wa jamii ya Mohawk, na Frederick akawa kamanda wao katika mto Nile. Khartoum ilianguka tarehe 26 Januari 1885 kabla hawajafika. Wakanada 16 walikufa katika safari hiyo.

George naye hakuacha kikosi. Machi 1885 Wametisi wa Saskatchewan chini ya Louis Riel walipoinuka kudai haki zao za ardhi, mgambo waliitwa, na hakimu wetu akaacha kiti chake akaondoka Toronto mwezi Aprili na watu wapatao 80. Reli ya kaskazini mwa Ziwa Superior ilikuwa haijakamilika, hivyo katika mapengo walisafiri kwa magari ya kuteleza juu ya theluji na kwa miguu, wakiwaongoza farasi juu ya barafu katika baridi kali. Kwa askari wa wikiendi, hiyo ilikuwa safari ya kutisha, na aliwafikisha. Wakapangiwa Humboldt, kulinda nyaya za telegrafu na akiba ya chakula. Mapigano ya Batoche, tarehe 9 hadi 12 Mei, yakaisha bila wao. Ni mara ya pili sasa kwa mtu aliyeandika historia ya vita vya farasi kukosa vita vyenyewe.

Doria za kikosi chake zilimkamata White Cap, chifu wa Wadakota. Chifu huyo alipelekwa Regina kushtakiwa kwa uhaini, na mashahidi wakaeleza kwamba alilazimishwa kujiunga na waasi. Baraza la wazee wa mahakama likamsikiliza, likamwachia huru. Mimi kesi hiyo naiweka kando ya zile za Toronto kila ninapomfikiria Denison, kwa sababu kitu pekee kilichomwokoa White Cap ni kwamba kuna mtu aliyeruhusiwa kumaliza maelezo yake. Riel alinyongwa Novemba mwaka huohuo. Kanali alikuwa amerejea kwenye kiti chake tangu majira ya joto.

#12 Mjumbe

Na je, alimalizaje? Aliondolewa au alistaafu?

#13 Mleta uzi

Alistaafu mwaka 1921, akiwa amepita miaka 80. Miaka yake ya katikati aliitumia pia kupigania umoja wa Dola ya Uingereza, na mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele Kanada ipeleke askari katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini.

Mahakamani, mabadiliko yalianzia kwa wanawake. Baraza la Wanawake la Toronto lilikuwa likilalamika kwamba wanawake na wasichana wanapitishwa mbele ya umati wa wanaume waliokuja kucheka, na mwaka 1913 ikaanzishwa Mahakama ya Wanawake ambayo watazamaji hao hawakuruhusiwa kuingia. Hata hivyo aliyeketi kitini alikuwa Denison yuleyule, akihukumu kwa mwendo uleule, mpaka alipostaafu. Mwaka 1922 kiti hicho kikapewa Daktari Margaret Patterson, mwanamke aliyekuwa daktari wa tiba na ambaye hakusomea sheria. Yeye naye alikuwa na ukali wake na alilaumiwa kwa mengi, na kama wanajukwaa watapenda nitamfungulia uzi wake.